Darasa la Mashati Kule Lanet

Mwaka wa 1954 bibi wa settla mmoja, mzungu mwenye shamba kule Lanet, alifungua darasa la ushonaji kwenye ghala la zamani la pareto. Wachuka alikwenda kwa sababu kutokwenda kungeonekana. Mumewe, Gachanja, alikuwa ameshachukuliwa na askari wa Emajensi katika msako wa Mau Mau, na mke wa mtu aliyechukuliwa hutazamwa hata akichota maji.

Mwalimu alikuwa Akoth, Mjaluo, mke wa fundi wa reli mjini Nakuru. Siku ya kwanza ya kukata mashati, alitaka kila mwanamke ataje kipimo cha mwanamume wa nyumbani kwake.

Wanawake wote walikuwa Wakikuyu, na kumtaja mwanamume wako siku zile kulikuwa kama kumpeleka kwa askari.

"Kipimo cha nini?" Wachuka akauliza.

"Cha shati, mama. Shingo, mabega, mikono."

Wachuka alitaja kipimo cha uongo. Wenzake nao wakafanya hivyo, na mashati yao yakatoka makubwa ajabu. Akoth aliyakunja moja moja akiyahesabu, na kule kuhesabu kwake kukawatia hofu zaidi.

Aliyeshona vizuri kuliko wote ni Wanjugu, jirani ya Wachuka. Asubuhi moja askari walimfuata shambani wakampakia kwenye lori. Kufikia mchana kila mtu kwenye laini za wafanyakazi alikuwa anajua kwamba aliyemuuza ni mwalimu. Wanawake wakaapa kutolikanyaga ghala tena.

Wachuka alikwenda peke yake. Alimkuta Akoth akipaka cherehani mafuta.

"Ulimwambia nani juu ya Wanjugu?"

Akoth aliweka chupa chini. "Inspekta alikuja hapa. Akaniuliza mnaongea nini. Nikamwambia, vifungo. Akauliza nani anajua sana mambo ya vifungo. Nikasema Wanjugu, maana matundu yake ni safi kuliko yenu wote."

"Vifungo vya shati?"

"Vingine ni vipi?" Kisha uso wa Akoth ukabadilika. Inspekta alikuwa mzungu aliyejua Kiswahili cha kuamrisha tu, na kifungo alichokijua yeye kilikuwa kile cha jela.

Wachuka hakujua kama anaambiwa ukweli au anachezwa. "Basi twende ukamweleze mbele yangu."

"Na akinifunga mimi?"

"Twende."

Walibeba shati la Wanjugu. Inspekta alilipasua kola akitafuta karatasi, asione kitu. Akoth akamwonyesha kifungo kimoja baada ya kingine, akikipitisha tunduni na kukitoa. Mwishowe inspekta akacheka. Wachuka hakuona cha kuchekwa, kwa maana Wanjugu alitolewa rumande midomo imevimba, akichechemea.

Darasa likaendelea. Wanjugu alirudi pia, lakini alikaa akimpa Akoth mgongo, na hakumjibu salamu hata mara moja.

Gachanja alipoachiliwa alimkuta mkewe mjini, ana cherehani kwenye veranda ya duka, akishonea watu mashati na nguo za shule. Alikaa kando ya cherehani.

"Nani alikufundisha?"

"Mjaluo mmoja, mke wa mtu wa reli."

"Mlimwamini?"

Wachuka alikata uzi kwa meno. "Mimi mpaka leo sijui," akasema. "Simama nikupime. Shati ulilovaa ni la nani?"