Blanketi Juu ya Zege

Ko, ko, ko. Hakujapambazuka, fimbo ya mzee wangu ilipita ukumbini, kisha kimya. Kimya hicho ndicho kilichoniamsha kila siku. Maana yake amefika mlango wa jikoni, na mbele yake kuna ngazi tatu za kushukia uani, ambazo mguu wake wa kushoto, tangu augue, hauziwezi. Hakuwahi kuniita. Alisimama tu gizani akiwasikiliza kuku wake, mpaka nitoke nimshike mkono. Akiniuliza kama ameniamsha, namjibu nilikuwa macho zamani. Tulidanganyana hivyo kwa adabu mwaka mzima.

Binti yetu akasema kwa simu kwamba pale kwenye ngazi pamwagwe mteremko wa zege, baba yake ashuke mwenyewe. Nikaanza kutafuta fundi.

Wa kwanza alijiita Injinia. Alikuja na viatu vinavyong'aa na simu mbili, akapima mlango kwa macho, akasema hiyo ni kazi ya nusu siku. Mimi zege silijui, ila nimepiga deki maisha yangu yote, na sakafu mbaya naijua kwa maji. Nikamwomba anipeleke kwenye sakafu aliyoimwaga yeye. Akanipeleka kwenye nyumba yenye geti la kijani, akaisifu baraza yake mpaka nikaona haya. Nikatoa chupa ya maji mkobani, nikamwaga kidogo. Maji yakaenda moja kwa moja ukutani, yakatulia hapo kama yamefika kwao.

Mwenye nyumba akatoka, akauliza tunamtafuta nani. Nikamweleza kwamba Injinia ananionyesha kazi yake.

"Hii?" akasema yule bwana. "Hii niliimwaga mwenyewe, Bibi. Imepinda, na mke wangu hunikumbusha kila mvua ikinyesha."

Nilipogeuka, Injinia alikuwa anaongea na simu zote mbili, anaelekea barabarani.

Yule bwana hakunicheka. Alinipa kiti na maji ya kunywa, akanipitisha nyuma nione ua uliomwagwa na fundi wa kweli. Nikamwaga maji yaliyobaki. Yakakimbilia mferejini kama watoto walioitwa kula. Akaniambia fundi huyo watu humwita Kesho, kwa sababu neno hilo halimwishi mdomoni, lakini nisiogope jina.

Niliogopa. Hata hivyo Kesho alikuja siku aliyosema. Hakuanza na mlango. Alimwomba mzee atembee ukumbini, akapima hatua yake, kisha akapima fimbo. Akasema mteremko mfupi utamwangusha, inabidi uwe mrefu, upite juu ya tuta langu la vitunguu. Nikaving'oa vitunguu. Akachukua mchanga wetu, akautia kwenye chupa pamoja na maji, akatikisa. Tope likakaa juu, unene wa kidole. Mchanga mchafu, akasema, kesho. Siku ya pili mchanga ulikuwa safi ila wingu lilikuwa zito. Kesho. Binti yetu akapiga simu kulalamika, nikamwambia mtu anayekataa kufanya kazi mbovu mimi simfukuzi.

Siku ya tatu akamwaga, akalainisha, akaenda kuchukua ufagio mgumu aliousahau kwake. Mzee akabaki mlangoni akilinda, amejifunika blanketi letu mabegani. Ndipo kuku mmoja akaja na kucha zake. Mzee hakuweza kushuka kumfukuza, kwa hiyo akalitupa blanketi juu ya zege bichi kulikinga. Kuku akapita juu ya blanketi, taratibu, kama mgeni wa heshima.

Nilipotoka, mzee alikuwa bado mlangoni, ameegemea fimbo.

"Nimeliharibu," akasema.

Nilijua anachokiona: ngazi tatu zilezile, na mimi nimemshika mkono mpaka mwisho wa siku zetu.

Kesho akarudi. Akalifunua blanketi polepole. Zege lilikuwa limechukua alama za nyuzi zake, mstari kwa mstari. Akainama akazitazama kwa karibu.

"Nimeona watu wakifunika zege," akasema, "ila si kama mtoto mwenye homa." Akapitisha kiganja juu yake. "Nilikuwa nije kulikwaruza, fimbo isiteleze. Hapa juu, Mzee, umeshanimalizia."

Palipobaki akapakwaruza kwa ufagio. Blanketi nililianika, na asubuhi lilisimama lenyewe bila kamba.

Tukaambiwa tulinyweshe zege maji asubuhi na jioni, na lisikanyagwe siku saba. Mzee alilinywesha kwa mpira akiwa mlangoni, na mchana akaliongezea kwa siri. Kila mara fundi alipopita kuangalia, mzee alimuuliza kama tayari, na jibu mnalijua.

Siku ya nane nikasikia ko, ko, ko, nikangoja kimya. Hakikuja. Fimbo ilibadilika sauti, ikawa nzito, ikashuka, ikaendelea kwenda, na kuku wakaanza kelele. Sikuinuka. Nilifuta macho kwa shuka, maana blanketi hatukuwa nalo tena.

Fundi alipokuja, alimkuta mzee amekaa katikati ya kuku wake. Akamwaga maji kidogo, akayatazama yakiteremka, akasema kazi imekwisha, hatatusumbua tena.

"Na kesho?" mzee akauliza.

"Kesho sina kazi hapa, Mzee."

"Najua huna. Njoo tu ukae."