Chungu cha Silvana

Niseme mapema: mimi ni mtu wa hasira za karibu, na aliyeharibu chungu ni mimi. Watu wa mtaa wetu wa Chanji wakisimulia safari yetu humlaumu dereva wa lori, au joto la Dar es Salaam, au fundi wa mitambo. Waongo! Ni mimi, Abel, mpiga gitaa na mchoraji wa mabango ya maduka. Ukipita Chanji ukaona saluni ina picha ya kichwa kilichonyolewa vizuri kuliko vichwa vinavyotoka humo ndani, ujue hiyo ni kazi yangu.

Bendi yetu ni ndogo. Mimi gitaa, Elia ngoma, Cornelia anaimba, na Mama Stefania anapiga chungu. Ndiyo, chungu. Wageni hucheka hapo, na mimi hukasirika hapo hapo. Chungu kinafudikizwa chini, kigoda cha kukalia kinageuzwa, kisha ukingo wa kigoda unasuguliwa kwenye kitako cha chungu. Kinanguruma mpaka unakisikia tumboni kabla hujakisikia masikioni. Gitaa la besi hatuna, na hatujawahi kulitafuta.

Mama Stefania ana miaka sitini na minne, analima mahindi na ulezi kule Mwazye. Chungu chenyewe si chake, ni cha Silvana, rafiki yake tangu usichana. Wanawake hao wawili walipiga kwenye harusi za upande ule miaka arobaini, mmoja akianza, mwenzake akijibu. Miaka mitatu iliyopita Silvana alipata kiharusi, mkono wa kulia ukalala. Tangu siku hiyo hakugusa kigoda. Ukimbembeleza anasema, "Chungu hakipigwi kwa mkono mmoja," halafu anakugeuzia mgongo, basi.

Mwaka huu Cornelia aliwatumia watu wa tamasha moja kubwa la muziki, la ufukweni kule Dar, wimbo aliourekodi kwa simu sebuleni kwa shangazi yake, jogoo anawika katikati ya kiitikio. Tulimcheka sana. Wiki mbili baadaye wakajibu: njooni, na ule mngurumo msiuache nyumbani. Siku ya kwanza, saa kumi alasiri, dakika ishirini na tano. Nauli mjitegemee.

Mama Stefania akaenda kumwomba Silvana chungu, kama afanyavyo kila tunapoalikwa. Silvana alimpa bila maneno mengi, akaweka sharti moja tu. "Siku hiyo mnipigie simu," alisema. "Nataka nikisikie kikiongea na watu wa mbali kabla sijafa." Mama Stefania akamwahidi. Na Mama Stefania si mtu wa kuahidi ovyo, hata ukimwomba chumvi atakwambia ngoja nikaangalie kwanza kama ipo.

Sasa sikilizeni ujinga wangu. Chungu kilifika Chanji siku moja kabla ya safari, kikawekwa kwenye kibanda changu cha rangi. Nikakitazama. Masizi matupu, kitako kimekwaruzika kama kisigino cha mkulima. Nikajiambia, Abel, hiki kitaonekana kwenye televisheni, utaenda mjini na chungu kichafu? Nikachukua msasa nikakisugua kitako mpaka kikalainika. Nikapiga rangi ya mafuta nyekundu, nikaandika jina la bendi, CHANJI SAUTI, kwa herufi za dhahabu, juu yake vanishi mara mbili. Haki ya Mungu, kiling'aa! Kilipokauka nikakifunga blanketi, nikakizamisha kwenye gunia la ulezi ili kisivunjike njiani. Na kusema kweli, nilikificha pia ili Mama Stefania asikione mpaka tufike. Nilitaka kumshangaza mzee wa watu.

Tulisafiri na lori la mahindi la Alois, shemeji yake Elia, tumekaa juu ya magunia. Alois alimpa Mama Stefania kiti cha mbele kwa heshima. Akakataa. "Chungu kiko nyuma," alisema, "mimi mbele nafanya nini?" Siku mbili na nusu alikaa ameegemea lile gunia la ulezi, mkono mmoja juu yake. Tunduma vumbi, Makambako baridi ya kung'ata meno, na kwenye mteremko wa Kitonga Elia alisali rozari nzima kwa sauti hadi Alois akamwambia nyamaza unanitia woga. Mama Stefania alikuwa anamfundisha Cornelia maneno ya wimbo wa zamani. Kila tulipopumzika alisonga ugali wa ulezi kwenye sufuria, akatugawia na dagaa wa Kasanga, yeye akala wa mwisho. Askari wakitusimamisha, mama anachuchumaa, anapiga makofi polepole, anawasalimia Kifipa kama anasalimia wakwe. Wenye vitambi vyao wakajikuta nao wanapiga makofi. Sijawahi kuona mtu anayebeba heshima nyingi hivyo kwenye mwili mdogo hivyo.

Tukafika asubuhi ya siku yenyewe. Saa sita mchana tukaitwa jukwaani kujaribu sauti. Jua kali, jasho linatiririka mpaka kwenye viatu. Mimi nikalifungua gunia kwa madaha, nikakung'uta ulezi, nikafunua blanketi.

Mama Stefania alikitazama chungu. Akanitazama mimi. Akakitazama tena.

"Umekiandika," alisema.

"Ndiyo, mama! Umekipenda?"

Alikaa, akakifudikiza, akageuza kigoda, akasugua. Kigoda kikateleza kama ndala kwenye sakafu yenye sabuni. Akasugua tena kwa nguvu. Kimya. Kitako kile kilichokwaruzwa na kigoda na kukolezwa na moto wa miaka mingi, mahali sauti inaposhika, mimi nilikuwa nimekimaliza kwa msasa.

Fundi wa mitambo, kijana mpole tu, akasema, "Mama, usijali. Tutaweka kinanda, kina sauti ya besi nzuri."

Nikamlipukia. "Kinanda? Unajua chungu ni cha nani wewe? Unajua nani anakisubiri?" Nilimwambia na mengine ambayo siyarudii hapa.

"Abel," Mama Stefania alisema taratibu. "Kijana wa watu hana kosa. Makelele yako hayana kazi, ila mikono yako nina kazi nayo. Beba chungu, twende."

Nikabeba. Elia na Cornelia wakatufuata. Nje ya uzio alikuwepo mama mmoja anauza mahindi ya kuchoma. Mama Stefania akachuchumaa mbele yake, akapiga makofi, akamsalimia, akamweleza shida yetu bila kunitaja. Hakusema "huyu mpumbavu." Alisema, "Chungu chetu kimepoteza sauti." Yule mama wa Kipwani, ambaye nadhani hakuna aliyewahi kumchuchumalia maishani, akatuachia jiko moja na magunzi yote aliyokuwa nayo.

Mama Stefania akakiweka chungu motoni, kitako chini. Rangi yangu ikaanza kuchemka, ikatoa malengelenge, ikafuka moshi mweusi. Walinzi wakaja mbio wakidhani kibanda kinaungua. CHANJI SAUTI ikaungua herufi moja moja mbele ya macho yangu, nami nimepiga magoti na shati langu la jukwaani, napuliza magunzi, machozi yananitoka. Nikasema ni moshi. Haukuwa moshi peke yake.

"Mama," nikauliza, "kikipasuka?"

"Kikipasuka, nitamwambia Silvana kimepasuka. Lakini siwezi kumpigia simu asikilize kinanda."

"Nisamehe, mama."

"Ulitaka kipendeze," alisema, huku anakwangua rangi iliyoungua kwa kipande cha kigae. "Hilo si dhambi. Ila chungu hakiangaliwi, mwanangu." Akanipa kigae. "Haya, kwangua na wewe."

Tulipokezana watu wanne. Tunakwangua, tunasugua kwa mchanga wa ufukweni, tunakirudisha motoni kwenye moshi wa magunzi, tunakitoa, tunakwangua tena. Kila mara mama alikigonga kwa kifundo cha kidole, anasikiliza kama daktari. Saa tisa u nusu simu yake ikalia. Silvana.

"Chungu changu kinaendeleaje?"

Mama Stefania akakitazama pale kwenye makaa, cheusi, kina mabaka mekundu.

"Kinaota moto," akajibu.

"Vizuri. Huko pwani nasikia kuna unyevu."

Cornelia alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikuweza.

Saa kumi tukapanda jukwaani. Mama alikibeba chungu kwa kanga kwa sababu kilikuwa bado kinaunguza. Watu hawakuwa wengi sana, jua lilikuwa kali, wengine wanakunywa soda wametupa mgongo. Akachuchumaa mbele ya umati ule, akapiga makofi, akawasalimia wote kama wageni waliokuja nyumbani kwake Mwazye. Kisha akanikabidhi simu yake. Silvana alikuwa ameshapokea. Nikaitia kwenye mfuko wa shati, kifuani.

Mama Stefania akakaa. Akachovya kiganja kwenye jivu alilolileta ndani ya kopo, akakipaka kitako cha chungu. Akaweka kigoda, akasugua. Kikakwaruza tu. Nikafumba macho. Bikira Maria, nilisema, nikitoka salama hapa sitagusa msasa tena.

Akasugua mara ya pili, polepole, akiegemeza mwili mzima.

Kikanguruma.

Sikilizeni, mimi nimepiga gitaa kando ya chungu kile miaka miwili, na sijawahi kukisikia vile. Kilinguruma mpaka mbao za jukwaa zikatetemeka chini ya viatu vyangu. Yule fundi wa mitambo alivua vipokea sauti vya masikioni akabaki mdomo wazi. Waliotupa mgongo wakageuka. Elia akaingia na ngoma, nami na gitaa, Cornelia akaimba ule wimbo wa zamani aliofundishwa juu ya magunia ya mahindi, na watu wakaanza kusogea mbele, wakakimbia kabisa, soda zinamwagika. Mama Stefania hakumtazama mtu. Jasho linamdondoka, viganja vimeiva kwa joto la chungu, na uso wake umetulia kama yuko shambani. Nilimpenda yule mama siku ile kuliko ninavyoweza kueleza. Kama una mtu wa namna hiyo kwenye maisha yako, mheshimu.

Wimbo ukaisha. Makofi, vigelegele, kelele. Mimi nikakumbuka simu, nikaitoa mfukoni niiweke sikioni nimwulize Silvana amesikia.

Nikasikia mngurumo.

Nikadhani ni mwangwi wa spika. Lakini sisi tulikuwa tumenyamaza. Nikaziba sikio la pili. Mngurumo ule ulikuwa unakatika, unaanza tena, unakatika, dhaifu, umepinda, lakini ni wenyewe. Kisha sauti ya mjukuu wa Silvana ikapiga kelele: "Bibi ameomba kigoda! Amegeuza chungu cha maharage! Anasugua kwa mkono wa kushoto!"

Nilimpa Mama Stefania simu, akaiweka sikioni. Ndiyo mara ya kwanza na ya mwisho kumwona akilia, na hakujificha. Umati ukatukodolea macho, haujui kuna nini.

Fundi alituonyesha saa, zimebaki dakika kumi na tisa. Mama Stefania akaiweka ile simu kwenye maikrofoni, akarudi kwenye chungu chake, akashika kigoda, akasubiri mwenzake aanze.