Ndara za Abedi

Alhamisi moja ya mwaka 1975, saa kumi na nusu jioni, polisi Mulumba aliingia nyumbani kwa Abedi, mtaa wa Manika, Kolwezi, kutafuta sukari ya magendo. Abedi alikuwa dereva wa lori la njia ya Dilolo, mpakani na Angola. Sukari haikuwamo. Mulumba akapita chumbani na mabuti yake, akaukanyaga mkeka ambao Zena, mke wa Abedi, alikuwa ameutandika aswali.

"Tata, toa biatu kwanza," Abedi akamwambia, taratibu kabisa. "Pale njo bibi yangu anawekaka kichwa wakati anasali."

Mulumba alikuwa Mkristo wa Kasai, na hakuna aliyewahi kumwambia avue mabuti ya serikali. Aliona amedharauliwa mbele ya watu. Akamtia Abedi pingu, na kwenye ripoti akaandika: uasi. Neno moja tu, jamani, na mtu akalala ndani.

Pale posti ya polisi mfungwa hukaa peku. Ndara za Abedi ziliwekwa juu ya kabati. Kesho yake jioni zilishuka, zikatoka mlangoni, zikashika njia ya Manika. Ajida Kalenga, mkuu wa posti, akainua macho.

"Mulumba, fuata ile bitu. Iko ya posti."

Ndara zilikwenda mwendo wa mtu anayetoka kazini, zikiwapisha akina mama wenye mabeseni ya mihogo. Kwa Zena zilisimama kizingitini, zikajipanga pembeni ya mlango. Mulumba naye akasimama. Akazitazama, akatazama mabuti yake, akainama kufungua kamba.

"Karibu, tata," Zena akasema.

Soksi ya Mulumba ilikuwa na tundu, akakikunja kidole kwa aibu. Zena alimpa maji ya kunywa na wala hakulitaja tundu lile.

Usiku Mulumba akazirudisha posti. Ikawa hivyo kila jioni. Siku ya tano Mulumba alikunywa maji, akaweka kikombe chini.

"Mama, mi njo niliandika bubaya. Bwana yako hakukosa. Aliniomba heshima tu."

Zena alilia, kisha akamwongezea maji. Asubuhi Mulumba aliandika ripoti mpya, ya kweli, akampelekea mkuu wake.

"Ya kwanza ilisha kwenda Lubumbashi," Kalenga akasema. "Na Abedi alisha kwenda, na treni ya leo. Ripoti habaibadilishake." Akaweka kikombe cha chai juu ya ile mpya.

Tangu hapo ndara zilikuja Ijumaa tu, maana zilipelekwa pamoja na Abedi, na Lubumbashi ni mbali. Zilifika soli zimelika. Mulumba alikuja pia, bila kutumwa na mtu. Alivua mabuti, akaketi kizingitini kuzishonea kipande cha tairi. Manika wakazoea. Pakiwa na ugomvi, kwa Waislamu ama kwa Wakasai, waliitana: mwiteni yule anayevua viatu. Mwaka ukaisha hivyo, na Abedi hajafunguliwa.

Ijumaa moja ndara zilifika zimekatika kamba zote mbili. Mulumba alizihurumia kweli.

"Mama, tuzifunge hapa, bibakie? Zimechoka."

Zena alizifuta vumbi kwa pindo la kitenge chake.

"Hapana, tata. Siku batamufungulia, atarudia na nini?"

Mulumba akashona kamba, akazigeuza zielekee barabarani. Zena akazisindikiza mpaka kwenye kona.