Kengele Hajafika Ng'ambo

Asubuhi hiyo mke alipanga mikate ya moto kwenye kreti, akaifunika kwa kitambaa safi, akaifunga kreti kwenye keria ya baiskeli kwa ukanda wa tyubu kuukuu. Mumewe akaminya matairi kwa kidole gumba, akaijaribu kengele mara moja, akatoka. Alipofika njia panda lori la mchanga lilimfagia, akafa, kama alivyokufa jana na juzi.

Mtaani walimwita Kengele, maana kengele aliyoifunga kwenye usukani ilikuwa kubwa nusu ya baiskeli yenyewe, na watu waliamka kwa mlio wake. Alipokufa mara ya kwanza walimzika vizuri tu. Watu walijaa, wakalia mpaka sauti zikawakauka. Alfajiri ya pili mkewe alimkuta uani anajaza upepo.

"Kuna wateja wa ng'ambo ya barabara hawajapata mkate," alisema.

Mke hakubishana naye. Hata alipokuwa hai, kazi iliyobaki nusu ilimnyima usingizi. Akawasha tanuri. Tangu siku hiyo mwanamke huyo alitaka jambo moja tu: mumewe avuke njia panda ile hata mara moja, awape watu mikate yao, kisha akalale kaburini kama wafu wenzake.

Kuvuka kwenyewe ndiko kulikokuwa kazi. Barabara ilipopanuliwa, ule ukingo waliokuwa wakipita watu wa baiskeli ulikatwa, yakaongezewa magari. Madereva walishuka pale kama wanaokimbilia nyumba inayoungua. Njia nyingine hakuna. Huku reli, kule ukuta wa kiwanda. Dereva aliyemgonga mara ya kwanza aliamriwa akatengeneze taa ya mbele. Akaitengeneza, akarudi barabarani. Baada ya hapo kila siku lilikuwa gari jingine, na madereva wakazoea. Wengine waliweka kitambaa karibu na usukani, wakishuka wanafuta bampa na kuendelea na safari, huku wakisema mwenye nguvu mpishe. Fundi wa kunyoosha bodi akahamishia karakana yake kwenye kona ile ile. Kufa kufaana.

Majirani nao walikuwa na utaratibu wao. Fundi cherehani alileta shuka, wanawake wakaokota mikate, wanaume wakambeba Kengele hadi barazani kwa fundi huyo. Ikifika adhuhuri shuka lilikuwa limelala bapa, na Kengele yuko nyumbani ananyoosha ringi. Lakini kilio hawakukizoea. Kila asubuhi waliulilia msiba upya, kwa uchungu ule ule wa siku ya kwanza, kisha wakaenda kazini macho mekundu. Mtaa mzima ulikonda.

Mke akaenda kuomba matuta na njia ya baiskeli. Baada ya majuma mawili afisa wa barabara alikuja na kofia yake ngumu, akasimama pembeni, akamwangalia Kengele akifa. Alivua kofia kwa heshima, kisha akaivaa tena.

"Pole sana, mama. Shida ni kwamba utaratibu unataka vifo vitatu."

"Anakufa kila siku, mwanangu. Si umemwona?"

"Nimemwona. Lakini ni yule yule. Mtu mmoja tunamhesabu mara moja."

"Kwa hiyo tukutafutie wengine?"

"Sijasema hivyo, mama." Alitoa kwenye gari fulana ya kung'aa, mpya, bado ina mikunjo ya dukani. "Avae hii. Usalama unaanza na yeye mwenyewe."

Kengele aliivaa kesho yake, na ilimpendeza. Dereva aliyemgonga alikiri kwamba alimwona vizuri kabisa.

Hapo ndipo mwanamke alipopandwa na hasira ambayo haikumshuka tena. Aliichukia fulana, akaichukia kofia ngumu, akalichukia neno utaratibu. Aliwachukia madereva mmoja mmoja, hata wale ambao zamu yao ya kumgonga ilikuwa bado. Kukicha akatembea nyuma ya baiskeli mpaka njia panda, na fundi cherehani alipokuja na shuka, akamzuia.

"Leo hatumbebi."

"Shemeji, magari yatakwama."

"Na yakwame."

Akaketi katikati ya lami, akakipakata kichwa cha mumewe. Fundi alimtazama, akalikunja shuka lake, akaketi. Wengine nao wakaketi, wakagawana mikate iliyotapakaa, wakala, maana walikuwa hawajanywa chai. Honi zikaanza. Bwana mmoja aliyevaa tai akashuka garini, akaeleza kwa upole kwamba ana mkutano.

"Na huyu ana wateja," mke akamjibu.

Kwa ajili ya kifo afisa alichukua majuma mawili. Kwa ajili ya foleni alifika damu ingali mbichi, na mafundi, na ndoo za rangi. Safari hii hakuna aliyeuliza ni vifo vingapi. Mafundi walichora mstari mweupe ukawazunguka waliokaa, ukapanda juu ya njia ya waendao kwa miguu, ukarudi barabarani mbele yao.

"Samahani, baba, hebu inua mguu," walimwambia fundi cherehani, naye akainua.

Magari yakapita pembeni, moja baada ya jingine, na honi zikanyamaza.

"Funika kombe mwanaharamu apite," fundi cherehani alisema, akatema mate kwenye rangi kabla haijakauka.

Siku iliyofuata mke alimsindikiza tena. Walipokaribia njia panda Kengele aliuona mstari, akafunga breki, uso ukamchangamka kuliko siku yoyote tangu afe.

"Mke wangu, wametuchorea njia!"

"Si yako, baba. Ni ya magari, yakupite ukishalala."

Kengele aliutazama mstari kutoka mwanzo hadi mwisho, kwa jicho la mtu anayejua kazi.

"Umenyooka lakini," alisema. Akakaza mpira wa kreti, akapiga kengele, akapanda baiskeli. Mkewe alibaki amesimama juu ya rangi, na nyuma yake magari yakaanza kumpigia honi asogee.