Kisu Kipya Kilichokwisha Kutumika

Baba mdogo Kasimiri alikisubiri kisu chake kwa misimu miwili ya asali, na kilipofika kilikuwa kimeshatumika. Mshtakiwa nikawa mimi.

Kosa langu lilikuwa kukifuata. Nilikwenda kwa baiskeli hadi stesheni ya Tabora, nikakipokea kwa Abasi wa reli, aliyekitoa kwa fundi Shaban, mhunzi wa Kaliua. Kilikuwa kimefungwa kwenye kipande cha gunia kwa kamba ya katani, na hivyo hivyo nikakifikisha nyumbani Kwihara.

Baba mdogo alikifungua uani, mbele ya mkewe, mama mdogo Leonia. Alikigeuza mara kadhaa. Mpini wa mninga ulikuwa mweusi kwa mafuta ya mikono, na ubavuni ulikuwa na kibonyeo cha dole gumba. Bapa lilijaa mikwaruzo ya jiwe la kunolea, na pale chuma kinapoingia kwenye mti paliganda nta.

"Damas," aliniita kwa upole, jambo lililonitisha. "Umekata nini na kisu changu?"

"Sijakata kitu, baba mdogo."

"Krismasi kiti cha katekista kilipopakwa asali, ulijibu vilevile."

"Kesi ile ilikwisha."

"Ilikwisha kwa viboko. Hii itakwisha kwa wewe kubaki nyumbani."

Hukumu hiyo ilikuwa nzito kuliko viboko. Baba mdogo alikuwa anakwenda porini kwenye kambi ya walina asali, na aliahidi kwamba likizo hii nitafuatana naye. Bweni zima lilikwisha kuarifiwa. Kurudi shuleni bila hata harufu ya moshi kungekuwa mwisho wa heshima yangu, ambayo kwa kweli haikuwa nyingi.

Nikaomba kukagua ushahidi. Mama mdogo akasema hata Bwana Shauri, hakimu wa bomani, humruhusu mshtakiwa kusema.

Niliinusa nta: ilikuwa kavu, ya zamani. Nikaeleza kwamba kibonyeo kama kile hakichimbiki kati ya stesheni na Kwihara, hata kwa mtu mwenye kipaji changu. Kisha nikaweka dole gumba langu ndani yake. Halikukaa. Kibonyeo kilikuwa upande usiofaa.

"Hebu lete," mama mdogo akasema, akajaribu kumenya muhogo. Kisu kikakwepa ganda na kuzama ndani. "Hiki kinakwenda kinakotaka chenyewe."

Nikatazama makali. Yalikuwa yamenolewa upande mmoja tu, usiofaa mkono wa kulia.

"Baba mdogo," nikasema, "kishike kwa mkono wa kushoto."

Baba mdogo ni mashoto, lakini kwetu jambo hilo halitajwi. Utotoni walimfunga mkono ule, na mpaka leo anakula, anasalimia na kufanya ishara ya msalaba kwa kulia. Ni porini tu, peke yake, mkono wa kushoto hupata uhuru wake.

Akakichukua polepole kwa mkono wa kushoto, akamenya. Ganda la muhogo likatoka lote, utepe mmoja mrefu.

"Aliyekitumia ni mashoto," nikatangaza. "Na nyumba hii ina mashoto mmoja tu."

Mama mdogo alicheka hadi akakaa chini. Baba mdogo hakucheka. "Kamlete Abasi," akasema.

Nilimleta siku yake ya mapumziko, nyuma ya baiskeli, akilalamikia kila shimo. Alipokwisha kunywa maji akasikiliza shauri, akashangaa.

"Kwani hamjui desturi ya Shaban? Babu yake alikuwa anawafulia wapagazi visu. Mpagazi akishashika njia ya pwani, kisu kikimkataa atarudi kulalamika lini? Basi kilikuwa kinafanya kazi kwanza kwenye mkono unaofanana na wake. Shaban hafuati njia nyingine."

"Na misimu miwili?" baba mdogo akauliza.

"Chuma kilikuwa tayari zamani. Kilichokosekana ni mashoto. Ni wachache, na wengi wanakana. Mwisho akampata mjane mmoja wa huko huko, Minza, mwenye mizinga yake. Amekirudisha kwa shingo upande. Amesema mwenye kisu asipokitaka, kirudi kwake."

"Shaban alijuaje habari zangu?"

"Ulipokwenda kuagiza alikupa tumbaku ukate. Ulipodhani hatazami, ukabadilisha mkono."

Baba mdogo aliweka dole gumba la kushoto kwenye kibonyeo cha Minza. Lilikaa. Akakichomeka kisu kiunoni, upande wa kulia, mkono wa kushoto unapofika vizuri, mbele ya watu wote.

"Kesho tunaondoka," akasema.

"Sisi akina nani, baba mdogo?"

"Mimi, na mbeba kibuyu. Asali ya mzinga wa kwanza ni ya Minza, na wewe utampelekea. Nitakiziba kibuyu kwa nta. Kikifika kimepungua, nitajua ni mkono wako."

"Upi?"

"Yote miwili."