Chupa ya Dirishani

Tangu niko chuoni namwambia Mama, "Manukato hayapendi jua. Yaweke kabatini, ndani ya boksi lake." Naye hunijibu, "Kabatini atayaona nani?" Nimerudia mpaka ulimi umeota sugu, na chupa haijawahi kuondoka dirishani.

Ni chupa nzuri, sikatai: kioo kizito, kifuniko cha umbo la waridi, jina la mbunifu wa mavazi kwa herufi za dhahabu. Baba aliinunua mwaka wake wa mwisho duniani. Lakini Mama hakuwahi kujipulizia, kwa sababu ni mkunga, na kwake mkunga hajipaki manukato. Mtoto akizaliwa anatakiwa amnuse mama yake, si mkunga. "Nikistaafu," alikuwa akisema.

Leo amestaafu. Wenzake wa wodini walimwandalia sherehe, na gari lilikuwa njiani kuja kumchukua. Mama akaketi kitandani na gauni lake la zambarau, akanikabidhi chupa kwa mikono miwili, kama anavyokabidhi watoto.

"Haya, mtaalamu. Niambie baba yako alinichagulia nini."

Mtaalamu ni mimi. Nakusanya vichupa vya sampuli, nanusa, kisha naandika maoni yangu mtandaoni kwa jina la bandia, maana mbele za watu maneno hunikauka. Kaka ananiita Pua.

Nikapuliza mara moja kwenye kifundo cha mkono. Siki. Siki na rangi ya kucha, na nyuma yake maua yaliyosahauliwa kwenye maji.

"Pua kanuna!" Kaka akacheka mlangoni. "Yananukia au yananuka?"

"Subiri kidogo," nikasema kwa sauti ya chini.

"Swali jepesi hilo, dada. Moja au jingine."

Shangazi, aliyekuwa ameketi kando ya Mama, akaudaka mkono wangu, akanusa, akakunja uso. "Wee! Wifi, hii ni dawa ya mende! Chukua yangu." Akapuliza ya kwake hewani, kushoto na kulia, chumba kizima kikawa vanila. Sasa mimi ninuse nini?

Mama akainamisha uso. "Basi. Nimeitunza zawadi ya mume wangu mpaka ikaoza." Akaanza kurudisha kifuniko, polepole.

"Jamani, subirini!"

Sikujua kama nina sauti ile. "Manukato hayahukumiwi mlangoni! Shangazi, ukipuliza tena nakunyang'anya hiyo chupa. Na wewe Kaka, badala ya kucheka, fungua dirisha!"

Kaka akafungua, mdomo wazi. Mimi nikatoka uani, mkono mbele kama niliyevunjika. Jua huanza kuharibu harufu ya juu, ile inayowahi kupotea hewani; iliyo chini hukawia kutoka. Nikangoja huku nikiwasikia ndani wakibishana kama nimekasirika kweli au ni njaa. Siki ikafifia, ikaondoka. Chini yake palikuwa na mti mkavu, miski laini, na waridi. Si waridi bichi. Waridi jembamba, lililokauka, lakini lipo.

Nikarudi mbio. "Mwanzo umeharibika, Mama, tena vibaya, na nilikuambia! Lakini mwisho upo. Jipulizie sasa hivi, mara moja tu, na garini ukae dirishani."

"Na dereva je?" Kaka akauliza.

"Dereva atavumilia."

Mama akajipulizia shingo, kifua, mikono yote miwili.

"Mama! Nimesema mara moja!"

"Nimengoja mno, mwanangu. Niache."

Honi ikalia, akaenda, kaacha nyuma yake siki ya kutosha kachumbari.

Aliporudi jioni alinikumbatia. Nikaweka pua shingoni mwake, na pale pale palikuwa na waridi, joto, karibu kabisa na ngozi.

"Alichagua vizuri?" akaninong'oneza.

"Alichagua vizuri, Mama."

Akatabasamu, akaichukua chupa, akaifuta kwa upindo wa gauni, akairudisha dirishani.

"Mama!"

"Sasa kabatini atayaona nani?"