Zilizomo Humu Safisha Zote

Baba yangu hakuwa mtu wa kunipigia simu kuniomba kitu. Alituma mzigo na karatasi. Safari hii mzigo ulikuwa kompyuta ya mezani, kuukuu, nzito kama mfuko wa saruji, na karatasi zilikuwa mbili. Ya kwanza ilibandikwa ubavuni mwa kasha: "Itengeneze iweze kuhariri picha na video. Kioo kiwe kikubwa, chenye mwanga. Macho ndiyo hayo unayoyajua." Ya pili ilizungushiwa selotepu juu ya diski ya pembeni, ile ya kuchomeka kwa waya: "Zilizomo humu safisha zote. Usiharakishe."

Macho niliyajua. Presha ya macho, alisema daktari: la kushoto limeshakwenda, la kulia limebakiza mwaka, pengine pungufu. Na alichotaka kuhariri nilikijua pia. Mwezi uliopita aliniambia, tukiwa tumesimama mlangoni kama watu wanaodaiana, kwamba anataka kutengeneza filamu ya Mama, dakika kumi tu, aiangalie mpaka jicho lichoke. Sikumuuliza ataitengeneza kwa picha zipi. Mpiga picha yule, aliyepiga nusu ya mji, nyumbani kwake alikuwa na picha nne za mkewe, na mbili kati ya hizo Mama amefumba macho.

Mimi na Baba tulikuwa tunaongea kwa karatasi kwa sababu kwa mdomo tulishindwa. Mama alifariki Jumamosi, saa nane mchana, nikiwa nimemshika mkono. Baba alikuwa ukumbini anapiga video ya harusi ya watu ambao hata majina yao alikuwa ameyaandika kiganjani asiyasahau. Simu aliizima, kama alivyoizima kila Jumamosi kwa miaka ishirini na mitano, isije ikalia katikati ya viapo. Alirudi saa moja jioni, kamera begani. Miaka miwili imepita na nilikuwa sijamsamehe. Nasema wazi, sijui kuzungukazunguka.

Lakini kazi ni kazi. Nilifungua lile kasha nikatoa vumbi la kujaza sufuria. Ndani hakukuwa na cha kuokoa zaidi ya feni moja na bati lenyewe. Kompyuta ya kuandikia barua na ya kuhariri video ni kama baiskeli na lori, zote zina magurudumu tu. Nikaweka ubao mpya, prosesa yenye nguvu, memori mbili zilizopachikwa kwa jozi, kadi ya picha ambayo bei yake ilinifanya nijikune kichwa, na diski mbili za kasi: moja ya mfumo, nyingine ya kazi anayoihariri. Waya nilizifunga kwa nyuma zisizuie hewa. Kwa mzee asiyeona vizuri nilikuza maandishi yote, nikabandika karatasi ya njano kwenye vitufe vitatu atakavyohitaji zaidi: kucheza, kusimamisha, kukata.

Ninakofanyia kazi ni chumba kimoja, tunagawana na fundi saa. Meza yake iko dirishani, yangu iko ukutani. Ni mzee wa makamo, mdomo wake haupoi, na mimi ameniita Bi Bisibisi tangu siku ya kwanza.

"Bi Bisibisi, leo umenuna au ndiyo sura yenyewe?"

"Ni kazi ya Baba."

"Aa. Basi nuna kidogo tu, ubakize."

Diski ya pembeni niliiacha mwisho. Niliichomeka, nikaifungua. Mafolda mia mbili na kitu, yote yameitwa kwa tarehe. Nilipiga hesabu ya tarehe chache: Jumamosi, Jumamosi, Jumamosi. Ndani ya kila folda klipu, na klipu ya kwanza ya kila folda kijipicha chake kilikuwa cheupe. Cheupe kabisa, hakuna kitu. Nikadhani zimeharibika. Nilifungua moja, nikaruka moja kwa moja katikati yake, nikamkuta bibi harusi anapanda ngazi huku mtu mnene akimshikia shela kama anashika nyoka. Nikakata dakika nne za pale katikati, nikazihamishia kwenye kompyuta mpya ili nijaribu mwendo wake. Mwanzo sikuutazama. Mwanzo wa klipu huwa ni kamera kutikisika na mtu kukohoa, kila mhariri anaukata.

Nikairudia karatasi. Safisha zote. Nikaona sawa, mzee amechoka na harusi za watu, anataka nafasi ya kumweka mkewe. Moyo wangu ukapata furaha, furaha mbaya, na sitaki kuificha. Jumamosi zote zile alizotukimbia zilikuwa mkononi mwangu.

Kuna kufuta kwa haraka, ambako kompyuta hujifanya imesahau na vitu vipo palepale, fundi akitaka anavirudisha. Na kuna kufuta kwa taratibu, ambako diski nzima huandikwa sifuri toka mwanzo hadi mwisho, na hapo harudishi mtu. Baba alisema nisiharakishe. Mimi nikiambiwa nisafishe, nasafisha. Ilichukua tangu asubuhi mpaka alasiri. Nilikula, nikanywa chai, nikatengeneza simu mbili za wateja, na kila nikigeuka mstari wa kijani ulikuwa umesogea.

Kesho yake fundi saa alikuja kuazima koleo, akaiona ile karatasi mezani. Akaisoma akiwa ameiweka mbali na uso, kama wanavyosoma watu wa rika lake.

"Kumbe mzee wako kakuletea picha umsafishie," akasema. "Utazitoa kwa ukubwa gani? Maana zote ni nyingi."

"Kuzitoa wapi?"

"Kwenye karatasi, au kwenye hicho kioo, najua mimi? Kusafisha picha. Hujui kusafisha picha?" Akacheka. "Ninyi watoto wa simu! Zamani ukishapiga, unapeleka filamu studio ikasafishwe. Inaingia kwenye dawa, gizani, taratibu, ndipo sura zinatokea. Ukiharakisha, imeungua. Baba yako kafanya hiyo kazi kabla hujazaliwa."

Niliichomeka ile diski, nikaendesha programu ya kurudisha vilivyofutwa, halafu nyingine, halafu ile ya kulipia. Zote zilinionyesha sifuri. Nilikuwa nimeifanya kazi yangu vizuri mno.

"Umefanya nini, Bi Bisibisi?" Fundi saa aliuliza, na safari hii hakuwa anatania.

"Nimefuta."

Akarudisha koleo mezani polepole. "Si ungemuuliza? Kuuliza si ujinga."

"Hatuongei."

"Hasira hasara," akasema, akarudi kwenye saa zake, na siku ile hakuniita jina lolote.

Nilijipa moyo. Nilijiambia ni harusi tu. Wenyewe walishapewa nakala zao, wengine wameshaachana. Nitamwambia, atanung'unika, tutaandikiana karatasi, yataisha. Jumapili nikapakia kompyuta nikaenda.

Ilikuwa saa tatu na nusu asubuhi. Baba alikuwa ameshatayarisha meza katika chumba alichokuwa akisafishia picha enzi hizo. Misumari ya pazia jeusi ilikuwa bado ukutani, na dirisha ambalo zamani lilizibwa sasa lilikuwa wazi.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mama. Umekula?"

Nikasema nimekula. Niliweka kioo mahali ambapo mwanga wa dirisha haukipigi, nikaunganisha waya, nikawasha. Feni hazikusikika hata kidogo. Baba alikaa, akasogeza uso karibu na kioo, akageuza kichwa ili jicho la kulia lishike kazi. Nikamwekea zile dakika nne za bibi harusi. Zilikwenda bila kukwama, akazirudisha nyuma, akazipeleka mbele, akakata, akaunganisha. Vidole vyake vilipata vitufe vya njano bila kutafuta. Nilimwona anatabasamu, na niliona kwamba miaka miwili hii nilikuwa nimelisahau tabasamu lile.

"Kitu kizuri hiki," akasema. "Rangi tu. Nyeupe yake imeelekea bluu."

"Nitairekebisha."

"Ngoja." Akavuta droo, akatoa karatasi moja ngumu ndani ya mfuko wa plastiki, pembe zake zimechakaa kwa kushikwa. "Pima kwa hii. Hii ndiyo nyeupe yangu. Kamera haijui nyeupe ni ipi mpaka uionyeshe. Kila Jumamosi, kabla sijatoka, mama yako alisimama hapo mlangoni akanishikia. Anaileta mbele ya lenzi inajaa kioo chote, nyeupe tupu. Nikishapima, anaishusha, anataja tarehe, anasema neno lake. Ndipo naondoka. Wewe ulikuwa bweni, baadaye kwenye kazi zako, hukuyaona haya."

Nilisimama pale nimeshika waya.

"Wateja nilikuwa nawakatia mwanzo," akaendelea. "Wao wa nini? Lakini kwangu sikuufuta hata mmoja. Tangu niache kanda nianze kuweka kwenye diski, Jumamosi mia mbili na kumi na sita, kila moja ina mama yako mwanzoni. Mara sekunde kumi, mara dakika nzima kama ana la kunisema. Hizo ndizo filamu yangu. Haya, chomeka diski tuone ulivyozisafisha, rangi na sauti."

Nilikuwa naviona vile vijipicha vyeupe, kimoja baada ya kingine, na nyuma ya kila kimoja Mama anasubiri kuishusha karatasi. Nilitaka sakafu ipasuke.

"Baba, hamna kitu."

"Hamna vipi?"

"Nimefuta. Uliandika safisha."

Mkono wake ulibaki juu ya vitufe.

"Niliandika safisha," akasema.

"Ndiyo."

"Niliandika usiharakishe."

"Ndiyo, Baba. Sikuharakisha."

Ningefurahi angepiga kelele. Angenitukana, ningemtukania harusi zake, tungekuwa sawa. Alirudisha tu ile klipu ya bibi harusi mwanzo kabisa, akaitazama ilipoanzia, kwenye ngazi.

"Na kabla ya hapa?"

"Nilikata."

Akatikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa bei.

"Nilifurahi nilipofuta," nikasema, maana nilikuwa nimeshafika chini, nikaona nimalize. "Nilidhani ni harusi za watu. Nilikuwa nataka ziishe. Siku ile, Baba, ulimwacha ukaenda."

"Siku ile alishika pia."

"Alishika nini? Alikuwa kitandani."

"Wewe ulikuwa jikoni. Aliniambia nilete karatasi. Nikamwambia leo siendi, nimeshampata mtu wa kunishikia kazi. Akasema nilete karatasi. Akaishika amelala, mkono unamtetemeka, nikashindwa hata kupima. Akataja tarehe. Akasema, 'Nenda. Ukibaki utakaa unaniangalia tu, na mimi sipendi kuangaliwa bila kamera. Binti yetu yupo.'" Akafuta jicho lile lisiloona. "Nikaenda. Nimekuwa nikienda kila akisema nenda. Ilikuwa ndani ya hiyo diski, folda ya mwisho."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungeniamini?"

Nikaviringisha waya mkononi mwangu.

"Mimi maneno siyawezi," akasema. "Nilijiambia mwanangu atayakuta mwenyewe, akiwa anasafisha. Atamwona, atamsikia kwa mdomo wake mwenyewe. Ndiyo maana nikakuletea wewe, ingawa mjini kumejaa mafundi."

Nililia. Nililia kwa sauti, mtu mzima, katikati ya waya na maboksi. Baba hakuja kunishika. Alinyanyuka akapapasa juu ya kabati, akashusha begi la kamera, akaifuta kamera kwa pindo la shati na kuifunga kwenye miguu yake mitatu. Betri ilikuwa imejaa. Kumbe alikuwa akiichaji muda wote huu.

Akanipa ile karatasi.

"Shika."

"Baba..."

"Shika, mwanangu. Kuna kompyuta nzima hapa, haina kitu ndani."

Nilikaa kwenye kiti mkabala na dirisha, nikainua karatasi mbele ya lenzi. Ilikuwa na alama mbili za vidole pembeni, mahali ambapo jasho limeingia na halitoki. Niliweka vidole vyangu hapo hapo. Nilimsikia anahesabu kimya kimya.

"Shusha. Taja tarehe."

Nikataja.

"Sema neno."

Maneno yalikuwa mengi, ya miaka miwili, yakagombea mlango. Lililotoka lilikuwa moja. "Nisamehe, Baba."

Alikuwa ameinama, jicho la kulia limegandamizwa kwenye kamera, mkono unazungusha pete ya lenzi huku na huku, huku na huku, kama anatafuta kitu kilichokuwepo sasa hivi.

"Mbona umekaa gizani?" akauliza. "Sogea kwenye mwanga, mama, nikuone."

Dirisha lilikuwa wazi mbele yangu na jua la saa nne lilikuwa linaniumiza macho. Nikasogea hivyo hivyo.